Mshono

Mimi ndiye niliyekuwa nikiidaka mipira yake,
kwa hivyo kiganja changu cha kushoto
kinaijua habari hii kuliko ubao wa matokeo.

Mwaka wa kwanza Mwaruwa alirusha kwa hasira.
Alitoka Matuga na mkono uliosifiwa tangu shule ya msingi,
na sifa ni mkopo, hudaiwa siku huna.

Uwanja wetu pale Tudor, ukitaka kuuita uwanja,
ni mchanga na vumbi la matumbawe
kati ya karakana ya kuchomelea na ukuta wa mabweni.
Kituo cha pili ni gunia la unga.
Wapita njia waliuliza
kama hii ni kriketi iliyovunjika mguu.

Agosti wakaja wale wa Kakamega.
Kijana wao mmoja, mfupi,
anatafuna muwa hata gongo likiwa begani,
akaupiga mpira wa Mwaruwa mara tatu,
mara tatu ukavuka,
ukatua juu ya mabati ya karakana
kwa kishindo ambacho hadi leo
mtu akiangusha sufuria bwenini
tunatazamana.

Sisi tulilaumu jua. Tukalaumu mwamuzi.
Mwaruwa akavuka uwanja peke yake,
wageni wakifungasha mabegi,
akamwuliza yule mfupi:
"Uliujuaje?"

Akavunjiwa kipande cha muwa.
"Kiwiko chako husema kabla ya mkono.
Halafu una mpira mmoja tu, ndugu yangu.
Mwenye neno moja si kazi kumjibu."

Jumatatu akaja na daftari,
lile la jedwali la kuzidisha nyuma.
Akamwuliza Kocha Saumu, akaambiwa, akaandika.
Akamwuliza Ghaida wa fizikia, binti wa mwaka wa kwanza,
aliyemwonyesha kwa chungwa na kipande cha uzi
jinsi hewa inavyong'ang'ania palipoinuka.
Kisha akaja kuchuchumaa mbele yangu,
mimi, ambaye miaka yote niliulizwa tu kama naumia:
"Wewe, kutoka huko chini, unaona nini?"

Nikakaa kimya kidogo. Sikuwa nimezoea.
"Unafumba macho," nikamwambia,
"wakati wa kuuachia."
Akaandika hilo pia.

Mipira tulikuwa nayo sita, yote mizee.
Ikichanika tulimpelekea fundi Mutinda,
mshona viatu wa Kongowea, nyuma ya mitumba,
ambaye hajapata kuuona mchezo huu hata siku moja.
Jumamosi nne Mwaruwa alikaa kwenye kopo la rangi
akijifunza sindano mbili, uzi mmoja, nta.
Alidungwa hadi vidole vikawa na macho.
"Mshono ukiinuka huku," fundi alisema,
"kiatu kitakimbilia huku. Usishindane nacho."

Ah, mwaka ule!
Mipira ilichimba ardhi. Ilinipata gotini.
Mmoja ulimpata mhasibu wa chuo na kikombe chake cha chai,
tukanyimwa nauli ya Malindi.
Waliomwita Mkono wakaanza kumwita Maswali.
Naye akitabasamu, akiugeuzageuza mpira,
kidole kikitafuta uzi
kama mtu anayesoma gizani.

Agosti nyingine. Yule mfupi, muwa mpya.
Mpira wa kwanza ulinyooka. Wa pili ulinyooka.
Wa tatu ulikuja ukimwendea kabisa,
kisha ukakumbuka kitu nyumbani.
Gongo likapiga hewa.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini alirudi kwenye zamu yake ya tatu,
akaungoja mpira uleule ukunje kona,
na mabati yakalia.
Tulishindwa, tano kwa nne.

Mwaruwa alichomoa daftari mfukoni, akaanza kuvuka uwanja.
Hakufika mbali.
Yule mfupi alikuwa tayari anakuja upande wetu, mkono wazi:
"Vidole, unaviweka vipi? Nionyeshe."

Wakakutana kwenye gunia la unga,
wakaketi juu yake wote wawili.

Mimi nilivua glavu.
Kiganja kilikuwa kizima.
Nikakitazama muda mrefu,
kisha nikaenda kuwasikiliza.